Jumla ya pembe mbili: kuthibitisha usawa wa trigonometria, Fizi na Baraka

Fungua daftari la mwanafunzi wa sayansi, Baraka au Fizi mjini, mashariki ya Kongo, baada ya kumaliza sura ya trigonometria. Utakuta ukurasa mmoja uliojaa hadi pembeni. Juu zipo kanuni za kujumlisha na kutoa pembe: sini ya a + b, kosini ya a + b, tanjenti ya a + b na wenzao wa a − b. Chini yake kanuni za pembe maradufu, kisha za nusu pembe, kisha zile ambazo shule zetu, kwa urithi wa Wabelgiji, huziita kanuni za Simpson, zinazogeuza jumla kuwa zao na zao kuwa jumla. Ukurasa huo umenakiliwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu kwa wanafunzi wengi hakuna kitabu cha kurudia. Daftari ndilo kitabu. Likiloa mvua au likipotea familia inapokimbia, sura nzima imekwenda.

Kisha mwalimu anaandika ubaoni: thibitisha kwamba upande huu ni sawa na ule. Hapo wengi hukwama, hata wale waliokariri ukurasa wote. Wanajua kanuni lakini hawajui ianze ipi, na wanaona kila zoezi kama geni. Dai langu katika uchambuzi huu ni kwamba ukurasa ule una kanuni moja tu, ile ya jumla ya pembe mbili, na kwamba zoezi la kuthibitisha usawa ndilo mahali pekee ambapo mwanafunzi anaweza kuliona hilo kwa macho yake. Tukiliendesha zoezi hilo kama mashindano ya kukariri, tunamnyima mtoto wa Fizi kitu ambacho asingehitaji kitabu kukitunza.

Tuanze na usawa wenyewe. Mlinganyo wa kawaida, kama sin a = 1/2, ni swali: ni pembe zipi zinazoutimiza? Usawa wa trigonometria si swali. Ni dai kwamba pande mbili zilizoandikwa kwa sura tofauti ni kiasi kilekile kwa kila pembe ambayo pande hizo zina maana kwake. sin²a + cos²a = 1 ni dai la namna hiyo. Ukitaka kuliangusha dai kama hili, pembe moja inatosha. Ukitaka kulisimamisha, hata pembe elfu hazitoshi.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila darasa hulifanya ni kuandika sin(a + b) = sin a + sin b. Lina mvuto wake, kwa kuwa 2(a + b) ni kweli 2a + 2b, na mkono umezoea kugawa kilicho nje ya mabano kwa kila kilicho ndani. Lakini weka a = 30° na b = 30°. Kushoto ni sini ya 60°, takriban 0.866. Kulia ni nusu na nusu, yaani 1. Dai limeanguka. Mwalimu akiishia hapo, mwanafunzi atajua kwamba amekosea ila hatajua kilicho sahihi kinatoka wapi, na atarudi kwenye daftari kukinakili kama alivyonakili mengine.

Kinatoka mahali palipo wazi kabisa. Tazama kwa ubavuni nyumba ya bati ambayo kilele chake hakiko katikati, upande mmoja wa paa ukiwa mrefu na umelala kuliko mwenzake. Ni pembetatu. Kutoka kileleni mti wa wima unashuka hadi kwenye boriti ya chini na kuigawa pembetatu hiyo mara mbili. Uite urefu wa mti huo h, mteremko wa kushoto p, wa kulia q. Pembe kati ya mti na mteremko wa kushoto ni a. Kati ya mti na mteremko wa kulia ni b. Pembe nzima ya kileleni, basi, ni a + b.

Mwanafunzi aliyefika hapa anajua tayari kwamba eneo la pembetatu ni nusu ya zao la pande mbili na sini ya pembe iliyo kati yao. Eneo la paa zima ni ½ · p · q · sin(a + b). Eneo la kipande cha kushoto ni ½ · p · h · sin a, na la kipande cha kulia ½ · q · h · sin b. Hadi hapa hakuna ujanja wowote. Ujanja uko katika h, kwa sababu mti ule unamilikiwa na vipande vyote viwili: ukiutazama kutoka kushoto ni p cos a, ukiutazama kutoka kulia ni q cos b. Sasa katika kipande cha kushoto tumia kipimo cha kulia, na katika kipande cha kulia tumia kipimo cha kushoto. Kushoto inakuwa ½ · p · q · sin a cos b. Kulia inakuwa ½ · p · q · cos a sin b. Futa ½ · p · q kila mahali, na kilichobaki ni hiki:

sin(a + b) = sin a cos b + cos a sin b

Ile kosini ambayo mwanafunzi huiona kama imeletwa kutoka nje, sababu yake ni ule mti. Vipande viwili vya paa haviwezi kujumlishwa bila kupimwa kwa urefu vilio nao kwa pamoja, na kila kimoja kinaupata urefu huo kwa kosini ya jirani yake. Aliyeliona hili mara moja hawezi tena kuandika sin a + sin b.

Uthibitisho wa paa una mpaka wake na lazima usemwe darasani: unahitaji a na b zote ziwe ndogo kuliko 90°, maana paa halina pembe hasi wala pembe ya 200°. Kwa pembe zote tunahitaji duara lenye nusu kipenyo 1. Weka nukta mbili juu yake, moja kwenye pembe a, nyingine kwenye pembe b. Mraba wa umbali kati yao ni (cos a − cos b)² + (sin a − sin b)², na ukifungua mabano unapata 2 − 2(cos a cos b + sin a sin b). Sasa zungusha duara lote hadi nukta ya pili ikae kwenye pembe sifuri. Umbali haukubadilika, lakini ukiuhesabu upya unapata 2 − 2cos(a − b). Kwa hiyo cos(a − b) = cos a cos b + sin a sin b, na safari hii hakuna sharti lolote juu ya pembe.

Kutoka hapa ukurasa wa daftari unajiandika wenyewe. Badilisha b kuwa −b, upate kosini ya jumla. Badilisha a kuwa 90° − a, upate sini. Gawanya sini kwa kosini, kisha gawanya juu na chini kwa cos a cos b, upate tg(a + b) = (tg a + tg b) / (1 − tg a tg b). Fanya b iwe sawa na a, zimekuja pembe maradufu: sin 2a = 2 sin a cos a, na cos 2a = cos²a − sin²a. Geuza hiyo ya pili, zimekuja nusu pembe. Jumlisha sin(a + b) na sin(a − b), vipande viwili vinafutana na kubaki 2 sin a cos b, na hapo ndipo Simpson anapoanzia. Mwanafunzi anayejua njia hii akisahau kanuni katikati ya mtihani anaweza kuirudisha pembeni mwa karatasi kwa mistari miwili au mitatu. Aliyeikariri bila njia, ikimtoka imemtoka.

Tuingie sasa kwenye kuthibitisha kwenyewe. Chukua zoezi linalopendwa na walimu wengi:

sin(a + b) · sin(a − b) = sin²a − sin²b

Upande wa kulia ni mfupi, hauna mahali pa kushika. Wa kushoto una jumla na tofauti ya pembe, na tunajua la kufanya nazo. Kanuni ya jumla inatoa (sin a cos b + cos a sin b)(sin a cos b − cos a sin b). Jumla mara tofauti ni tofauti ya miraba, kwa hiyo tunapata sin²a cos²b − cos²a sin²b. Hapa wengi husimama kwa sababu kosini hazimo katika jibu linalotakiwa. Lakini swali lenyewe limeshatuambia la kufanya: upande wa kulia una sini tupu, basi ziondoe kosini. Andika cos²b kama 1 − sin²b na cos²a kama 1 − sin²a. Inakuwa sin²a − sin²a sin²b − sin²b + sin²a sin²b. Vya kati vinafutana, na tumefika.

Kusoma upande wa pili kama dalili ya njia, si kama jibu la kuandikwa chini na kuzungushiwa mstari, ndiyo stadi kuu ya zoezi zima. Mtu huchagua upande wenye fujo zaidi, hufungua kilicho cha jumla, kisha kila hatua huulizwa: imenisogeza karibu na sura ninayoitafuta, au imeniongezea mzigo?

Kosa linaloharibu kazi nzuri ni kuanza na kile kinachotakiwa kuthibitishwa, kuendesha pande zote mbili kwa pamoja, kisha kutangaza ushindi kwa kufika 1 = 1. Kwa njia hiyo unaweza kuthibitisha chochote. Anza na −1 = 1, ambayo kila mtoto wa shule ya msingi anajua ni uongo, piga mraba pande zote mbili, na umefika 1 = 1. Njia ya kutoka uongo kwenda ukweli iko wazi siku zote. Tunachotaka ni njia inayoweza kutembewa pia kurudi nyuma. Ndiyo maana walimu waangalifu husisitiza kushika upande mmoja tu, na nawaunga mkono, hasa kwa anayejifunza mara ya kwanza.

Kosa jingine ni la kimya zaidi: kusahau mahali ambapo usawa una maana. Usawa (1 + sin 2a) / cos 2a = tg(45° + a) unathibitishwa vizuri. Fungua kulia kwa kanuni ya jumla, upate (cos a + sin a) / (cos a − sin a), kisha zidisha juu na chini kwa cos a + sin a. Lakini weka a = −45°. Kulia ni tanjenti ya 0°, yaani 0, haina tatizo. Kushoto ni 0 juu ya 0, ambayo si namba. Usawa haukuvunjika. Upande mmoja tu umekosa maana mahali ambapo mwingine bado unayo, na chanzo chake ni ile hatua ya kuzidisha juu na chini kwa kitu ambacho pale kwenye −45° ni sifuri. Vivyo hivyo yule anayeandika kwamba kipeuo cha pili cha 1 − sin²a ni cos a. Kwa 60° ni kweli. Kwa 120° kipeuo ni nusu wakati kosini ni nusu hasi. Mwalimu asiyeyataja haya hafanyi hesabu kuwa rahisi. Anamwachia mwanafunzi shimo ambalo ataliangukia chuoni.

Kwa nini basi ufundi huu haupati nafasi unayostahili katika shule zetu? Sehemu ya jibu ni mtihani wa taifa, Exetat, unaofanywa tangu mwaka 1967 na unaotawala kila kinachofundishwa katika miaka ya mwisho ya sekondari kote Kongo. Maswali yake ya hisabati ni ya kuchagua jibu. Karatasi ya namna hiyo inaweza kuuliza cos⁴a − sin⁴a ni sawa na nini kati ya majibu yaliyoorodheshwa, lakini haiwezi kumwomba mtahiniwa athibitishe. Na majibu yakiwa mbele yako, kuna njia ya mkato: weka a = 0°, upande wa kushoto ni 1, futa kila jibu lisilotoa 1; weka a = 45°, upande wa kushoto ni 0, futa tena. Mara nyingi limebaki jibu moja, hapa cos 2a, na hakuna kanuni yoyote iliyoguswa.

Siilaumu njia hiyo. Kujaribu kwa namba ni akili, na ningependa kila mwanafunzi aifanye kabla ya kuanza kuthibitisha, kwa kuwa inamwokoa na kupoteza nusu saa akithibitisha uongo. Kosa ni kuipa kazi isiyoiweza. Angalia dai hili:

sin 13a · cos a = cos 13a · sin a

Weka 0°: kushoto sifuri, kulia sifuri. Weka 30°: kwa kuwa 13 mara 30° ni 390°, sawa na kurudi kwenye 30°, pande zote mbili ni sini ya 30° mara kosini yake. Weka 45°: pande zote ni −½. Weka 60°, weka 90°, zinalingana. Pembe zote za jedwali ambalo kila mwanafunzi amelikariri zimesema ndiyo. Na dai ni uongo. Weka 10°, kushoto unapata takriban 0.754, kulia takriban −0.112.

Kinachofichua siri ni kanuni yetu ileile. Hamisha kilicho kulia kuja kushoto: sin 13a cos a − cos 13a sin a. Hiyo ni sini ya tofauti, sin(13a − a), yaani sin 12a. Dai zima, chini ya vazi lake, lilikuwa linasema sin 12a = 0, na hilo ni kweli kwa kila pembe inayogawanyika kwa 15°, ambazo ndizo pembe tunazozipenda, na ni uongo kwa nyingine zote. Jedwali la pembe maarufu haliwezi kuona tofauti hiyo. Kanuni ya tofauti ya pembe inaiona kwa mstari mmoja, na zaidi ya kukataa dai inatuonyesha lilisimama wapi na kwa nini.

Wapo wanaouliza haya yote yanamsaidia nini kijana ambaye kesho atauza dagaa au kuendesha pikipiki. Swali ni la haki na linajibiwa palepale ziwani. Baraka imekaa kwenye ghuba ambayo ramani za kizungu huiita ya Burton, na ng'ambo yake mashariki iko rasi ndefu ya Ubwari, iliyoungana na bara upande wa kusini. Burton na Speke walipopita mwaka 1858 waliichukulia kuwa kisiwa. Tuseme unataka kujua umbali hadi mti fulani uliosimama ufukweni Ubwari bila kuvuka maji. Pima mita 1000 zilizonyooka ufukweni Baraka. Kutoka kila mwisho wa mstari huo pima pembe kati ya mstari na mti ule, uziite A na B. Pembe ya tatu, iliyoko Ubwari, huwezi kuipima, lakini ni 180° kasoro A + B, na sini yake ni sin(A + B). Kutokana na kanuni ya sini, umbali wa moja kwa moja hadi kwenye mstari wako ni

1000 · sin A · sin B / sin(A + B)

Mwenzako aliyechora pembetatu mbili zenye pembe mraba anasema hapana, umbali ni 1000 / (cotg A + cotg B). Nani yuko sahihi? Gawanya sin(A + B) kwa sin A sin B. Kanuni ya jumla inagawanyika vipande viwili, cos B / sin B na cos A / sin A, yaani cotg B + cotg A. Wote wawili wako sahihi, na uthibitisho wa mstari mmoja umemaliza ubishi ambao kupima tena na tena kusingeumaliza. Si hivyo tu: sura ya pili inaonyesha jambo ambalo ya kwanza imelificha. Kwa A = 85° na B = 88°, umbali unatoka karibu mita 8170. Ukikosea B kwa nusu ya nyuzi tu, ukasoma 88.5°, unatoka karibu mita 8800. Kotanjenti karibu na 90° ni ndogo mno, na kosa dogo ndani yake ni sehemu kubwa yake. Anayetaka kipimo cha kuaminika, basi, arefushe mstari wa ufukweni. Umbali ni uleule mmoja, na sura yake ya pili ndiyo iliyotupa ushauri huo.

Jua nalo linatoa mfano, na huu naupenda kuliko wote. Kimo cha jua angani, h, kinafuata kanuni ya wanajimu: sin h = sin φ sin δ + cos φ cos δ cos H. φ ni latitudo ya mahali, δ ni mwinamo wa jua siku hiyo, yaani nyuzi lilizo kaskazini au kusini ya ikweta, na H ni pembe ya saa, ambayo ni sifuri jua likiwa katikati ya mchana. Kosini ya sifuri ni 1, kwa hiyo adhuhuri kanuni ndefu inafupika kuwa sin h = cos φ cos δ + sin φ sin δ. Mtu aliyezoea kuthibitisha usawa ataitambua mara moja: ni cos(φ − δ). Kimo cha jua adhuhuri, kwa hiyo, ni 90° kasoro tofauti kati ya latitudo na mwinamo. Sini na kosini nne zimekuwa kutoa kwa namba mbili.

Baraka iko karibu 4.1° kusini ya ikweta. Tarehe 21 Juni jua limeinama 23.4° kaskazini, tofauti ni 27.5°, na fimbo ya mita 1 iliyosimikwa wima mchanga tambarare itatoa kivuli cha tg 27.5°, kama sentimita 52, kikielekea kusini. Karibu na Noeli jua liko 23.4° kusini, tofauti ni 19.3°, kivuli ni sentimita 35 na kinaelekea kaskazini. Karibu tarehe 10 Machi, na tena siku za mwanzo wa Oktoba, mwinamo unalingana na latitudo yetu, na fimbo haina kivuli kabisa. Kwa kuwa mashariki ya Kongo inafuata saa ya meridiani ya 30° na Baraka iko kidogo tu magharibi yake, mwezi wa Juni na siku za Noeli adhuhuri ya jua huangukia dakika chache baada ya saa sita. Darasa lolote linaweza kuyapima haya kwa fimbo, kamba na utepe wa fundi seremala.

Waislamu wa mwambao huu wa ziwa, ambako wafanyabiashara wa Ujiji walifika na dini yao katika karne ya 19, wanaishi na hesabu hiyo kila siku. Kwa madhehebu ya Shafi, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe kuongeza kile kivuli cha adhuhuri. Kwa fimbo yetu ya Juni, ni mita 1 na sentimita 52. Na historia ya kanuni ya jumla ya pembe haiko mbali na mahitaji ya namna hii. Ptolemaio wa Iskanderia, katika karne ya 2, aliihitaji kwa sura ya nyuzi za duara ili kutengeneza jedwali lake la kila nusu nyuzi. Abu al-Wafa, aliyezaliwa mwaka 940 na kufanya kazi Baghdad, aliithibitisha kwa sini kama tunavyoiandika leo. Ibn Yunus wa Kairo, aliyefariki mwaka 1009, aliacha kanuni inayogeuza zao la kosini mbili kuwa nusu ya jumla, na karne ya 16 Tycho Brahe na wenzake walitumia kanuni za aina hiyo kuzidisha namba ndefu kwa kujumlisha tu, kabla Napier hajatoa logarithi mwaka 1614. Kile ambacho mwanafunzi wetu anakikariri kama adhabu kilikuwa, kwa watu hawa, kifaa cha kupunguza kazi.

Fizi ina sababu yake ya pekee ya kupendelea njia badala ya kumbukumbu. Watu wa hapa wamesoma wakihama. Kuanzia mwaka 1996 maelfu ya familia zilivuka ziwa hadi kambi za Kigoma, Lugufu na Nyarugusu, na watoto wakaendelea kule na mtaala wa Kongo. Tangu mwaka 2005 boti zilianza kuwarudisha kupitia Baraka. Baadaye Warundi nao walikuja, wakawekwa Lusenda kuanzia mwaka 2015, kisha Mulongwe. Katika darasa moja unaweza kukuta aliyeanza trigonometria nchi moja na kuimalizia nchi nyingine, aliyezoea kuandika tan akiwa karibu na anayeandika tg, mwenye kanuni zote na asiye na hata moja. Orodha ya kanuni ishirini haiwaunganishi hawa, kwa sababu kila mmoja ana mapengo yake tofauti. Paa lile linawaunganisha kwa nusu saa, na maelezo yake yanaingia kwa Kiswahili cha kawaida hata kama ubaoni kila kitu kimeandikwa kwa Kifaransa.

Kuhusu mtihani wa taifa, shule ya Baraka haina uwezo wa kuubadilisha. Lakini maswali ya mazoezi ya kila wiki na mitihani ya ndani yako mikononi mwa mwalimu, na hapo pana nafasi. Ningependa kuona, pamoja na maswali ya kuchagua, swali moja la kuandika ambalo mwanafunzi haambiwi kama dai ni la kweli au la uongo: apewe sin(a + b) · sin(a − b) = cos²b − cos²a na sin 13a · cos a = cos 13a · sin a bega kwa bega, aseme lipi linasimama kwa pembe zote, na kwa lile lisilosimama aonyeshe pembe inayoliangusha. Alama zigawanywe kwa hatua, si kwa jibu. Anayejaribu namba ataliangusha la pili iwapo tu atatoka nje ya pembe za jedwali, na la kwanza halitathibitishika kwa namba hata ajaribu ngapi. Atalazimika kufungua mabano kwa kanuni ya jumla na ya tofauti, kisha kuziondoa sini, kwa kuwa safari hii upande wa kulia unataka kosini tupu.